Mabati ya Kijana Wetu

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo kwa ulimwengu wote, kwa heshima na taadhima: leo, saa tatu kasorobo asubuhi, mbele ya mashahidi wanne na mbuzi mmoja, nimekabidhiwa fulana. Rangi ya chungwa. Maandishi mgongoni. Mikono inafika kwenye viganja. Hotuba hazikuwapo, maana msimamizi alikuwa na haraka.

Basi ndiyo hivyo, mimi ni karani wa dodoso! Ofisi ya wilaya inataka kujua, kaya kwa kaya, nani kahama, kaenda wapi, na waliobaki wanaishi kwa nini. Kijiji kizima nimepewa mimi: kaya hamsini na mbili, na yangu humo. Mke wangu kahesabu kidogo, kasema kwa umri wangu wa miaka hamsini na nne, ni karibu kaya moja kwa kila mwaka niliokaa bila kazi ya maana. Ng'ombe watatu ninaowakamua kila siku hawahesabiwi kama kazi. Anasema hata wao wanajua ni yeye anayewalisha.

Msimamizi ni dada mdogo, hajafika hata thelathini. Sauti ya upole, macho ya mkaguzi. Ananiita "mzee wangu". Nimekataa moyoni, nimeitika mdomoni. Kanipa masharti matatu: usimfundishe mtu jibu, usibishane na jibu, andika alichosema.

Jioni mke wangu kaijaribu fulana. Imemkaa vizuri kuliko mimi.

Jumanne, 4 Juni

Kaya tisa. Miguu imevimba, heshima pia.

Nilianza kwa Kapteni. Anaitwa hivyo kwa sababu aliwahi kuwa nahodha wa timu ya darasa lake. Haikushinda mchezo hata mmoja. Nilimkuta anatoka shambani, tope magotini, jembe begani, ndoo ya kukamulia mkononi. Nikamuuliza swali la kumi na nne, lenyewe hasa: kaya hii inaishi kwa nini zaidi — (a) kilimo na mifugo, au (b) fedha za waliohama?

Kapteni akalishusha jembe. Akasema yeye kwa kweli keshapumzika. Watoto watatu wako mjini, wanamtunza, hana anachohangaikia.

Andika alichosema. Nikaandika (b). Ndoo ilikuwa bado inatoa povu.

Kisha Bibi wa Kuku. Sabini na kitu, kuku hawana idadi. Kaniambia binti yake ndiye anayemweka mjini… yaani anayemweka hai! Yeye hapa ni kulala na kuamka tu. Muda wote huo mikono yake inafunga mayai kwenye majani makavu, moja moja, kama anawavisha watoto wa shule. Nikauliza mayai hayo yanakwenda kwa nani.

"Mwanangu, hilo swali limo kwenye karatasi yako?"

Halimo kweli.

Jumla ya leo: nane wamesema (b), mmoja kasema (a), naye alikuwa amewakasirikia watoto wake. Kwa mwendo huu sisi ni kijiji cha watu wanaotiwa chakula mdomoni kama makinda. Na kila nyumba wananiambia neno lile lile wakati natoka: kwamba mimi nauliza nini, wakati mfano mzuri ni mimi mwenyewe, na mabati yale!

Mabati yale. Niyaandike hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Arobaini, rangi ya buluu, yanaonekana tangu barabara kuu. Kijiji kizima kinajua kwamba kijana wetu wa kwanza, anayeuza viatu vya mitumba mjini, ndiye aliyetuezekea. Miaka minne sasa ni sifa yake. Na miaka minne hiyo hajaja nyumbani hata siku moja. Mama yake humuuliza kila Jumapili kwenye simu: lini? Naye husema mwakani, mama, biashara imebana. Mke wangu hukata simu, halafu hufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo zamu ya Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu mnene, mcheshi, anajua mambo ya watu kuliko daktari. Nilipofika kwenye swali la kumi na nne aliweka mikono juu ya meza na kucheka mpaka kalamu yangu ikaanza kutikisika.

"Karani, unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyewauzia wote hao."

Kweli. Nikiandike kitu ambacho hapa kila mtu anakijua kwa upande wake na hakuna anayekisema. Mtu wa kijiji hiki akitaka kununua kitu kikubwa — mabati, kochi, godoro, tangi la maji — anauza mazao au mfugo, anamlipa Misumari kimyakimya, na Misumari anakiweka ghalani. Alhamisi lori la mjini likirudi, kitu kinapakiwa nyuma ya shule, kinazungushwa, kinashushwa mbele ya watu. Utingo anapaza sauti: "Mzigo wa fulani, kutoka kwa mwanawe!" Watu wanapiga vigelegele. Mzazi anajifanya kushangaa. Wengine wameshakuwa waigizaji hodari — Kapteni alipopata godoro lake aliweza hata kutoa chozi.

Mabati yetu ndiyo hayo hayo. Tuliuza mtamba mmoja wa mke wangu, yule mweusi. Kijana hakuchangia hata msumari. Tunampelekea yeye unga na maharage kila wiki mbili, kwa lori hilo hilo.

Sijui mtindo huu ulianzia wapi. Misumari alinitazama muda mrefu niliposema hivyo. Akasema na yeye mwenyewe nimwandikie (b). Mteja wa kwanza ni siri, kasema, na muuzaji lazima afanane na wateja wake.

Jumapili, 9 Juni

Nimemaliza! Kaya hamsini na moja kwa siku sita, mvua moja, mbwa wawili, chai kumi na tisa. Msimamizi kanitumia ujumbe: mimi ndiye karani wa kwanza kumaliza katika wilaya. Nimemsomea mke wangu ujumbe mara mbili. Mara ya tatu kaniambia kashaelewa.

Ilibaki kaya moja. Yetu. Nikaijaza jioni mezani, mke wangu akiwa anakamua. Nilipofika swali la kumi na nne niliinua macho nikayatazama mabati kwa ndani, ile mistari yake. Nikaandika (b).

Andika alichosema, ndiyo. Ila hapa hakuna aliyesema kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Nitaiandika kwa kifupi.

Msimamizi kahesabu: arobaini na tano (b), saba (a). Kisha kaniambia kwa ule upole wake matokeo ni ya nini. Ofisi ina matangi ya kupozea maziwa. Yanakwenda kwenye vijiji ambavyo zaidi ya nusu ya kaya zinaishi kwa kilimo na mifugo. Vijiji vya (b) vitapewa semina ya siku moja kuhusu matumizi bora ya fedha za watoto. Na kofia.

Kofia!

Tangi tumelililia miaka kumi. Pikipiki ya mnunuzi wa maziwa huja asubuhi tu. Maziwa ya jioni hatuna pa kuyaweka. Tunakunywa tunavyoweza, ndama wanakunywa wanavyoweza, yanayobaki yanachacha, tunamwaga. Kila siku ya Mungu. Nusu ya jasho la kijiji hiki huenda kwenye mtaro nyuma ya mazizi. Na kwa kuwa hapa maziwa hayana faida, vijana wanakwenda mjini, wanauza viatu.

Nikamuuliza msimamizi: na vinavyotoka je? Akauliza vipi vinavyotoka. Nikasema wewe una safu ya vinavyoingia, huna safu ya vinavyotoka. Akapekua karatasi mbele na nyuma, kama mtu aliyesahau miwani. Kweli haimo.

Nikamwambia, Alhamisi njoo ukae na mimi pale lori linapopakia. Sitamfundisha mtu jibu. Tutahesabu tu.

Alhamisi, 13 Juni

Ah, siku ya siku!

Tulikaa kwenye kibao mbele ya kinu cha kusaga, mimi na fulana yangu, yeye na daftari. Saa moja na nusu walianza kuja. Unga. Maharage. Viazi. Mkaa. Mayai ya Bibi wa Kuku, yamefungwa vile vile. Mafuta ya kula kwenye madumu. Jogoo mmoja mwenye hasira, amefungwa miguu, anatutukana sote. Kila mzigo una jina la mtoto aliye mjini na nambari ya simu. Kapteni alileta magunia mawili. Alipotuona akageuka, akazunguka kinu, akatokea upande wa pili kana kwamba ni mtu mwingine. Msimamizi akaandika: magunia mawili, mtu yule yule.

Mizigo iliyokwenda mjini: sitini na mitatu.

Jioni lori likarudi. Iliyokuja kijijini: miwili. Mmoja ni redio iliyoharibika, mtoto wa mtu kaituma nyumbani itengenezwe kwa sababu fundi wa huku ni rahisi. Wa pili ni kochi la watu watatu. Kochi hilo tulikwisha liona saa nne asubuhi mbele ya duka la Misumari, likiwa juu ya mkokoteni, likielekea nyuma ya shule. Sasa linashuka kwenye lori, utingo anaita jina, watu wanashangilia.

Msimamizi alitazama kochi. Akatazama duka. Akanitazama mimi.

"Mzee wangu, hebu niambie. Nani anamlisha nani hapa?"

Nikamwambia siruhusiwi kufundisha jibu. Akacheka! Mara ya kwanza kumwona meno.

Kasema hawezi kubadili fomu hata moja kwa mkono wake. Lakini kanuni inampa mwenye kaya haki ya kusahihisha jibu lake mwenyewe, mbele ya mashahidi, kabla fomu hazijapelekwa. Zinapelekwa Jumatatu. Jumamosi ataita mkutano. Ataeleza swali la kumi na nne lina maana gani na tangi linakwenda wapi. Baada ya hapo ni juu ya watu.

Nimemweleza mke wangu wakati wa kula. Kisha akauliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kusema. Nikasema atapatikana. Akasema, "Wewe ndiye karani, baba watoto." Akachukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefanya mazoezi ya hotuba zizini. Ng'ombe wawili walisikiliza, wa tatu alinigeuzia mkia.

Shida si aibu yangu. Aibu yangu nimeizoea, tumekua pamoja. Shida ni kijana. Nikisema mabati si yake, basi nimemvua nguo mbele ya kijiji, na yeye hayupo hata kujisitiri. Lakini nisiposema, tangi linakwenda kwa wengine. Na mwakani, maziwa ya jioni mtaroni, na yeye mjini.

Jumamosi, 15 Juni

USHINDI! Naandika kwa herufi kubwa, na ningekuwa na kubwa zaidi ningezitumia.

Darasa la sita lilijaa, wengine madirishani. Msimamizi alieleza vizuri, bila kumung'unya maneno. Kisha kimya. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mtu akakohoa. Ndipo yakasemwa maneno yaliyotakiwa kusemwa, na karani wenu, kwa ujasiri ambao hata yeye hakujua anao, akasimama mbele ya kaya zote na kusahihisha fomu yake. Mabati ni ya ng'ombe! Kijana hakuleta kitu! Tunamlisha sisi!

Baada ya hapo ilikuwa kama mlango wa zizi umefunguliwa. Bibi wa Kuku. Kapteni, na godoro lake. Mwenye kochi, ambaye hata nailoni hajaitoa. Watu walipanga foleni kusahihisha, wanacheka, wanasukumana, wanatajiana vitu — hata ile simenti? Hata ile! Misumari alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Kaya arobaini na nne zimebadili. Imebaki moja tu ya (b): mwalimu mstaafu, ambaye binti yake kweli anatuma kila mwezi. Maskini, sasa ndiye mtu pekee kijijini anayeonekana mwongo.

Msimamizi kasema sisi tunaingia mstari wa kwanza kwenye orodha ya tangi. Mstari wa kwanza! Kanishika mkono kwa mikono miwili. Njiani watu walinipiga makofi mgongoni mpaka maandishi ya fulana yakaanza kubanduka. Kapteni katangaza kwamba bomba la tangi litapewa jina langu. Nimesema sitaki makuu, bomba linatosha.

Jumapili, 16 Juni

Kijana kapiga simu saa tisa alasiri. Utingo keshamfikishia kila kitu, na kuongeza vya kwake.

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Aliongea na mama yake kwanza, kisha akaniomba mimi.

Kasema hivi — nayaandika kama alivyoyasema, maana nimeajiriwa kwa hilo:

"Baba, mimi nimeshindwa kuja nyumbani kwa sababu ya mabati yale. Ningekuja na nini mkononi? Watu wanajua nimeezeka nyumba. Hata huku mjini wa kwetu wanakuja kunikopa, mimi ninayekula unga wa mama."

Akaendelea kwamba amesikia kuhusu tangi, na kwamba litahitaji mtu wa kupima maziwa asubuhi na jioni, na yeye anajua kupima, anajua vitabu kidogo. Ila kabla ya hilo anataka kujua jambo moja. Habari ya mabati ilianza kwa nani? Utingo kamwambia ilianza kwa mama. Atapiga tena baada ya nusu saa, na nijibu mimi, si mama.

Mke wangu yuko zizini. Nina dakika ishirini. Nijifunze kuandika kweli kwanza, labda mdomo utafuata.

Moja. Jana sikusimama mimi. Kimya kilipoingia darasani, kalamu yangu ilianguka. Sawa, niliiangusha. Niliinama chini ya dawati kuitafuta, na nikiwa huko huko nilisikia sauti ya mke wangu, wala haikupanda:

"Mabati ya kwetu ni ya mtamba wangu mweusi. Mwanangu hajaleta kitu, sisi ndio tunampelekea. Sioni haya. Ni mwanangu, anakula kwake. Kama kuna mwingine anayelisha mtu mjini, asimame na mimi."

Nilichokiona mimi cha ushindi ule ni miguu. Miguu ya Bibi wa Kuku ikinyooka. Buti za Kapteni. Kisha darasa zima, viti vikikwaruza sakafu. Niliendelea kutafuta kalamu ambayo nilikuwa nimeishika. Msimamizi akainama, akanikuta, akauliza taratibu, "Mzee wangu, na kaya yako je?" Nikatoka. Nilikuwa wa arobaini na nne kati ya arobaini na nne.

Mbili, ambalo ndilo analouliza. Nimeandika humu kwamba sijui mtindo wa lori ulianzia wapi. Naujua. Ule mwaka kijana alikuwa amezima simu miezi miwili. Watu walianza kuulizana: kafungwa? Kafa? Waliuliza kwa sauti ya chini, tena mke wangu akipita. Alikuwa haongei. Alikuwa anapika, ila mwenyewe chakula hagusi. Mtamba alikuwa keshauzwa, mabati yako kwa Misumari, ya kwenda kuchukuliwa tu kwa mkokoteni. Mimi nikamnunulia soda utingo wa wakati ule, si huyu wa sasa. Nikamwomba ayapakie nyuma ya shule, ayazungushe, ayashushe mbele ya watu, na apaze sauti kwamba yametoka kwa kijana wetu. Kabla ya siku ile hakuna mtu hapa aliyewahi kufanya hivyo. Walionifuata wote waliiga kwangu bila kujua wanaiga; anayejua ni Misumari tu, na Misumari hasemi.

Utingo alipoita jina la kijana, watu wote waligeuka kumtazama mama yake. Yeye alijua yale ni mabati ya ng'ombe wake. Alijua kuliko wote. Akatabasamu, mara ya kwanza kwa miezi miwili, akawaambia wanawake waliomzunguka kwamba ndiyo, yuko mzima, anatukumbuka.

Nami nikamwacha aseme.